Ungo wa bundi uko usoni

SWALI: Mtaalamu, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Ifakara. Kwenye ghala langu la mpunga wamehamia bundi wawili wenye uso mweupe. Wanapita kwenye uwazi ulio chini ya paa. Wiki iliyopita niliingia mle usiku kuvizia mwizi, nikafunga mlango na kuzima tochi. Giza lilikuwa totoro, mkono wangu mwenyewe siuoni. Baada ya muda nikasikia panya kalia mara moja, basi. Kuwasha tochi, nikamkuta bundi sakafuni kashamkanyaga. Sikusikia bawa, sikuhisi hata upepo. Wazee hapa wanasema yule si ndege. Naomba unieleze: anaonaje kwenye giza kama lile?

JIBU: Mwalimu, hakuona kitu. Kama giza lilikuwa hilo unalolieleza, basi kwa dakika zile bundi wako alikuwa kipofu sawa na wewe, na panya alimpata kwa masikio. Najua umeuliza macho, na macho tutayafikia. Lakini nikianza nayo nitakupoteza, kama nilivyowapoteza wanafunzi wangu wa mwanzo nilipokuwa nikiwaambia kwamba bundi ana "macho ya usiku" na kuishia hapo.

Huyo uliyenaye ni bundi wa maghalani, yule mwenye uso unaofanana na tofaa lililopasuliwa katikati. Yuko karibu kila bara, na kila aliko amependa kukaa jirani na watu, kwa sababu watu wana nafaka na nafaka ina panya. Uzito wake ni gramu 300 na kitu tu. Ukubwa ule unaouona ni manyoya; ukimloweka maji anabaki kitu cha kuhurumia.

Wazee wako nisingependa kuwabishia sana. Sote tumekua tukisikia kwamba chombo cha safari cha mchawi ni ungo, na bundi ungo anao kweli, ila kaufunga usoni. Ule uso bapa si nyama wala mfupa. Ni manyoya yaliyopangwa kwa duara, ya pembezoni yakiwa magumu na yamesongamana, yanaikinga sauti na kuielekeza masikioni. Kazi yake ni ile ile ya ungo wa televisheni juu ya bati la jirani yako: kuchota kitu hafifu kutoka mahali papana na kukimimina mahali pamoja. Masikio yenyewe huwezi kuyaona. Ni matundu mawili yaliyofichwa nyuma ya ungo huo, kando ya macho. Vile vishungi vinavyosimama kichwani mwa bundi wakubwa, ambavyo watoto shuleni huvichora kama masikio ya paka, havihusiki na kusikia hata kidogo. Bundi wako hata hivyo vishungi hana.

Kisha matundu hayo hayalingani. La kushoto limekaa juu kidogo na limeelekea chini. La kulia limekaa chini na limeelekea juu. Mara ya kwanza nilipoyachunguza, kwa bundi aliyegongwa na gari, nilidhani ajali ndiyo iliyompinda kichwa. Nikamchunguza wa pili, naye vile vile.

Sababu yake ni hii. Mtu akikuita gizani, unajua kama yuko kulia au kushoto, kwa kuwa sauti hufika sikio moja kabla ya jingine. Bundi hufanya hivyo hivyo, ila kwa ustadi unaotisha. Kichwa chake ni kidogo, kwa hiyo hata sauti inayotoka ubavuni kabisa hufika sikio la pili ikiwa imechelewa takriban sehemu 2 kati ya 10,000 za sekunde, na ndani ya muda huo mfinyu anaweza kutofautisha mpishano unaokaribia sehemu 1 kati ya 100,000. Hapo ameshajua kulia na kushoto. Lakini je, panya yuko juu ya gunia au chini yake? Sisi hapo tunababaika. Ndiyo maana nyenje akiimba ndani ya nyumba unaweza kumtafuta nusu saa, darini na chini ya kabati. Bundi habababaiki, kwa sababu ya ule upande-upande wa masikio. Sauti inayotoka juu huvuma zaidi sikio la kulia, inayotoka chini huvuma zaidi la kushoto. Tofauti ya muda inampa upana, tofauti ya nguvu ya sauti inampa kimo, na mistari hiyo miwili ikikatana, pale ndipo panya alipo. Kosa lake ni nyuzi 1 au 2 tu. Nyoosha mkono wako mbele ya uso, uinue kidole gumba: upana wa kidole hicho ndio kosa lake.

Haya si makisio. Huko California, watafiti Eric Knudsen na Masakazu Konishi waliwaziba bundi wa maghalani sikio moja na kutazama wanakogeuza kichwa sauti ikitolewa. Ukimziba la kushoto, anatazama juu kuliko sauti iliko. Ukimziba la kulia, anatazama chini. Walipoyaondoa manyoya ya ule ungo wa usoni, bundi alibaki anajua kulia na kushoto, lakini juu na chini vikampotea. Mwaka 1978 walitangaza jambo la kushangaza: ndani ya ubongo wa bundi kuna ramani ya sauti. Seli hii huamka sauti ikitoka kule pembeni juu, ya jirani yake huamka sauti ikisogea kidogo, na kuendelea hivyo, kama viti vya darasani ambavyo kila kimoja kina mwenyewe.

Na ubongo unapimaje muda mdogo hivyo bila saa? Wewe ni mwalimu, kwa hiyo chukua mfano wa baraza ndefu ya madarasa. Weka mtoto kila ncha, waambie wakimbie kuelekeana kwa mwendo ule ule. Wakianza pamoja watakutana katikati. Wa kushoto akitangulia kidogo, watakutana karibu na ncha ya kulia. Huhitaji saa, unatazama tu wamekutania mlango wa darasa gani. Nyuzi za neva kutoka masikio mawili ya bundi zimejipanga kwa namna hiyo, na seli zilizosimama njiani huitika pale tu ishara mbili zinapozifikia kwa pamoja. Mmarekani mmoja, Lloyd Jeffress, aliwaza mpango huo mwaka 1948 akiwa hana ushahidi wowote mkononi. Ushahidi ulipopatikana baada ya miaka mingi, ulipatikana kichwani mwa bundi.

Kuhusu giza lako la ghalani, aliyelijaribu kabla yetu ni mtafiti Roger Payne, yule yule aliyekuja kujulikana duniani kwa nyimbo za nyangumi. Alimweka bundi wa maghalani katika chumba kilichozibwa kila ufa, akamwaga majani makavu sakafuni na kumwachia panya. Bundi akamkamata. Sasa huenda mtu akasema ndege ananusa, au anaona joto la mwili. Payne akavuta kwenye majani yale kipande cha karatasi kilichofinyangwa ukubwa wa panya. Karatasi haina harufu ya panya wala joto. Bundi akaivamia karatasi. Akaziba sikio moja la bundi, bundi akakosa shabaha.

Turudi kwako. Kile kilio kimoja ulichokisikia kilikuwa cha panya aliyekwisha kushikwa. Bundi hakukihitaji. Yeye alikuwa amemsikiliza muda mrefu kabla, akitafuna punje, akikanyaga pumba. Pumba za mpunga zinachakacha hata zikiguswa na kidole. Kwa masikio yale ni sawa na panya kutembea amefunga njuga miguuni. Isitoshe, ghala ni lake, magunia anayajua yalivyokaa, na kwa giza zito kiasi hicho hilo nalo lina uzito. Sidhani kama angekuwa na ujasiri ule ule katika chumba kigeni.

Ila masikio haya yana adui mmoja, naye ni bundi mwenyewe. Njiwa akiruka unasikia makofi. Kama bundi angepiga makofi vile, asingemsikia panya tangu anapoondoka kwenye boriti, na panya naye angekuwa ameshaingia shimoni. Kwa hiyo ule ukimya uliokutisha unatumika kote kuwili: unamficha bundi kwa panya, na unamwachia bundi nafasi ya kuendelea kusikiliza huku akiruka, akirekebisha njia yake hadi dakika ya mwisho. Watu wengi hutaja faida ya kwanza na kuisahau ya pili, na mimi naona ya pili ndiyo kubwa.

Siku ukiokota unyoya wake ghalani, na utaokota, utazame juani. Chagua mrefu wa mbele ya bawa. Upande unaokata upepo una meno madogo yaliyojipanga kama kitana. Yale huupasua upepo vipande vidogo vidogo, usije ukavuma. Upande wa nyuma umeishia kwa matamvua laini, kama ya kikoi, na hapo ndipo upepo wa juu na wa chini ya bawa hukutana bila kugombana. Kisha pitisha kidole juu ya unyoya wenyewe: ni mahameli. Mahameli hayo yanazuia manyoya yasikwaruzane bawa linapopanda na kushuka. Mwingereza mmoja, R. R. Graham, aliyaeleza yote matatu mwaka 1934, na mpaka leo wahandisi wa mapanga ya feni na mitambo ya upepo wanarudi kwenye unyoya huo kuiba maarifa.

Ongeza na umbo. Mabawa yake yakikunjuliwa hukaribia mita moja, na yanabeba mwili wa gramu 300. Hana haja ya kupigapiga kwa nguvu. Anaweza kupita taratibu sana, karibu anaelea, na ndege anayekwenda taratibu hana kelele.

Mahameli haya yana gharama. Hayakingi maji kama ya bata. Usiku wa mvua bundi wa maghalani anakaa njaa, kwanza kwa sababu ataloa, pili kwa sababu matone yanafunika mchakacho wote wa panya. Wakati wa masika huko kwenu, ukiwaona wamejikunyata darini siku mbili tatu, usidhani wanaumwa.

Haya, macho. Macho ya bundi si ya mviringo kama gololi. Yamerefuka kwenda nyuma, mfano wa kengele, na yameshikwa na duara la mfupa. Umbo hilo limewezesha jicho kubwa lenye mboni pana kuingia kwenye fuvu dogo, na ndani yake seli za kunasa mwanga hafifu zimejaa kupita kiasi, huku za kutambua rangi zikiwa chache. Matokeo ni mazuri, lakini si ya kichawi. Mtafiti mwingine, Graham Martin, alimpima bundi wa misitu ya Ulaya katika miaka ya 1970 na kukuta kwamba uwezo wake wa kuona mwanga hafifu unamzidi binadamu kama mara mbili na nusu hivi. Mara mbili na nusu tu! Ukilinganisha na njiwa, bundi anamwacha mbali mno, karibu mara 100. Lakini wewe mwalimu, ukikaa gizani nusu saa bila kuchungulia simu, unamkaribia kuliko unavyofikiri. Kwenye usiku wa nyota macho hayo yanamtosha kupita kati ya miti bila kujigonga. Ghalani kwako, mlango umefungwa, mwanga haukuwepo, na mara mbili na nusu ya sifuri unaijua mwenyewe.

Jicho lililoshikwa na mfupa halizunguki. Bundi hawezi kukutazama kwa pembe. Akitaka kuona kando anageuza kichwa kizima. Ndiyo maana shingo yake ina pingili 14, wakati wewe una 7, na twiga pamoja na urefu wake wote ana 7. Anazungusha kichwa hadi nyuzi 270, kulia au kushoto, bila kusogeza mabega. Kwetu sisi, kugeuza shingo ghafla kwa nguvu kunaweza kuchana mishipa inayopeleka damu kichwani. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins huko Marekani waliwachunguza bundi waliokwisha kufa na kuona kwamba matundu ya pingili unamopita mshipa yana upana wa takriban mara 10 ya mshipa wenyewe, kwa hiyo una nafasi ya kulegea na kujikunja. Chini ya taya mishipa imepanuka kama vidimbwi, inaweka akiba ya damu ya kuulisha ubongo na macho shingo inapokuwa imesokotwa. Hadithi ya kwamba bundi huzungusha kichwa duara zima haina ukweli. Robo tatu ya duara, na akirudi upande wa pili kwa haraka wewe huoni alivyorudi.

Jambo moja kuhusu macho hayo hupendwa na wanafunzi: kitu kilicho karibu sana na mdomo wake bundi hakioni vizuri. Akishamshika panya anampapasa kwa vinyweleo vilivyozunguka mdomo, kama sisi tunavyotafuta swichi ukutani. Na anapovamia hufumba macho na kutanguliza miguu, makucha yamefunguka, yakifika pale uso ulipokuwa umeelekea. Miguu yenyewe ni mtego wa kawaida wa ndege mwindaji, isipokuwa kidole cha nje kinaweza kugeuzwa nyuma, viwili mbele na viwili nyuma, ili eneo la kunasa lipanuke. Shabaha ikikosea kidogo, panya bado yumo.

Na mchana je? Anaona. Mboni zake hujifinya kama za paka, basi. Anajificha kwa sababu shore na kunguru wakimkuta humzomea mpaka ahame mti, na nani anataka kulala kwenye zomeazomea? Kuna hata kibundi kidogo cha nyika chenye madoa ya lulu ambacho huwinda jua likiwaka, na kisogoni kina madoa mawili meusi mfano wa macho, kinakutazama hata kikikupa mgongo.

Hukuuliza, lakini utauliza: wakizaa, utasikia kutoka darini mtu anakoroma na kufoka usiku kucha. Hakuna mtu. Makinda ya bundi huyu hudai chakula kwa sauti hiyo, na nimewahi kuitwa usiku kwenye nyumba ambayo mganga alikuwa ameshalipwa kwa ajili yake. Chini ya boriti utakuta vidonge vyeusi ukubwa wa kidole gumba. Si kinyesi. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa iliyofungwa pamoja. Viloweke, vipasue na darasa lako, mvae glavu na mnawe mikono baadaye. Mtahesabu mafuvu na kujua alikula wangapi. Na kama kuna sumu ya panya ghalani, iondoe, kwa kuwa panya aliyekula sumu huwa mzito kukimbia na bundi atakuwa wa kwanza kumsikia. Masikio yale hayachakai: mwaka 2017 watafiti wa Oldenburg, Ujerumani, waliwapima bundi wa maghalani vijana na wazee, mmoja akiwa na miaka 23, wakakuta wazee wanasikia karibu sawa na vijana. Seli zao za kusikia zikifa huota nyingine, zetu hazioti.

Ukitaka kuhakikisha kwamba yote haya yamejengwa kwa ajili ya masikio, ya bundi na ya panya, yafuate maji ya Kilombero yanakokwenda. Kandokando ya Rufiji anaishi bundi mvuvi, mkubwa, rangi ya kutu, anayevua samaki usiku. Samaki hasikii bawa lililo juu ya maji, wala bundi hawezi kumsikia samaki aliye chini yake. Basi yule hana ungo wa maana usoni. Miguu yake haina manyoya, nyayo zina vijiba vya kushikia utelezi. Na kwenye ukingo wa bawa lake hakuna kitana. Akiondoka juu ya tawi, hata wewe uliyeketi mtumbwini unamsikia.